Hakimiliki Hupita Mlango wa Bajeti

Mwandishi wa Chita, Mngeta au Mlimba anayengoja siku Bunge litakapotangaza Muswada wa Hakimiliki ili naye apeleke maoni yake, atangoja mpaka wino ukauke. Sheria inayolinda maandishi yake ni ya mwaka 1999. Tangu hapo imeguswa zaidi ya mara moja, lakini kila ilipoguswa ilikuwa imechanganywa na mambo mengine. Mwaka 2019 ilirekebishwa katika furushi moja na sheria za makampuni, filamu, vyama, mashirika yasiyo ya kiserikali, takwimu, wadhamini na wakala wa meli, na furushi lenyewe lilifika bungeni kwa hati ya dharura. Mwaka 2022 mabadiliko makubwa zaidi yakaja ndani ya Sheria ya Fedha: COSOTA, iliyoanzishwa mwaka 2001 ikiwa chama cha hakimiliki, ikawa Ofisi ya Hakimiliki, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikafunguliwa kwa vyombo vya wenye kazi wenyewe. Mwaka uliofuata ikawa Sheria ya Fedha tena, safari hii na tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi na kunakili kazi za wabunifu.

Ni waandishi wangapi wa vitabu waliokuwa wakisoma Muswada wa Fedha mwezi Juni wa miaka hiyo? Tumezoea kudhani bajeti ni habari ya mafuta, sukari na saruji. Makala hii ni kwa wale wanaotaka kuanzisha au kufufua chama cha waandishi katika bonde la Kilombero, na ushauri wangu wa kwanza ni huo: fuateni kalenda ya fedha, si kalenda ya sherehe za vitabu.

Kalenda yenyewe si siri. Kwa kawaida, kuanzia mwishoni mwa mwaka, Wizara ya Fedha hualika wananchi na taasisi kupeleka mapendekezo ya maboresho ya kodi na tozo kwa ajili ya bajeti ijayo. Aprili Bunge la Bajeti huanza Dodoma, na wizara zinapita moja baada ya nyingine, ile yenye dhamana ya utamaduni na sanaa ikiwemo. Katikati ya Juni bajeti kuu husomwa. Kisha Muswada wa Fedha huenda kamatini, wadau huitwa, na yote hayo yanatakiwa kwisha kabla ya tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza. Kati ya hotuba ya bajeti na kupitishwa kwa muswada ni kama wiki mbili tu. Anayeanza kuandika maoni yake siku muswada unapotoka atayamaliza wabunge wakiwa wamesharudi majimboni.

Hapo ndipo mtu wa bondeni anapobanwa. Waandishi wetu wengi ni walimu, wauguzi, makatekista, wakulima. Novemba na Desemba wako mashambani wakiandaa majaruba, na Juni wako kwenye mavuno ya mpunga, wanapura na kutafuta magunia. Katikati yake ni masika, na mtu anayejua barabara ya Ifakara hadi Mlimba wakati wa masika hahitaji maelezo. Treni ya TAZARA inapita Chita, lakini haiendi Dodoma. Kwa hiyo kazi ya chama cha huku ifanyike Agosti hadi Oktoba, mpunga ukiwa ghalani, njia kavu na watu wana nafasi ya kukaa pamoja. Ikifika Novemba karatasi iwe tayari, imesainiwa, inasubiri kutumwa tu.

Kabla ya karatasi, chama. Hapa sina haja ya kuhubiri sana, kwa sababu watu wa huku wanajua tofauti ya mkulima anayeuza kakao yake peke yake kwa mchuuzi wa njiani na yule anayepitisha kwenye chama cha ushirika, AMCOS: bei ni ya soko lilelile, lakini wa pili ana mtu wa kuuliza mzani umepimaje. Waandishi wapo kwenye hali ya yule wa kwanza. Msianze na chama kikubwa. Watu kumi wenye maandishi halisi wanatosha kuwa tawi au kikundi, kisha mjiunge na chombo cha kitaifa kinacholingana na kazi yenu. Upo Umoja wa Waandishi wa Vitabu Tanzania, UWAVITA, na kwa watu wa riwaya upo UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira. Mkitaka kusimama wenyewe kama chama, nendeni kwa Msajili wa Vyama, na mpitie kwa afisa utamaduni wa halmashauri awaelekeze. Kikundi kisichosajiliwa kikiandikia kamati ya Bunge kinaweza kusomwa, lakini barua yake itawekwa chini ya zile zenye muhuri.

Jambo moja kuhusu uongozi. Msimchague mwenyekiti kwa sababu ndiye mwenye vitabu vingi. Mchagueni mtu anayejibu barua. Na awepo mmoja ambaye kazi yake pekee ni kufungua tovuti ya Bunge kila wiki, kuangalia miswada mipya, na kutafuta humo neno hakimiliki, hata kama muswada unahusu meli. Miswada mingine huandikwa kwa Kiingereza, basi awe anasoma lugha zote mbili bila kuzungushwa.

Sasa mnataka nini hasa? Vyama vingi huanguka hapa. Huenda na malalamiko yote kwa pamoja, kwamba waandishi wanaibiwa, na mbunge anatikisa kichwa kwa huruma, mambo yanaishia hapo. Hasara za mwandishi wa leo ni za aina tofauti, na kila moja ina mlango wake.

Chukua kijana anayeandika riwaya sehemu kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp. Msomaji anatuma pesa kidogo kwa simu, anaunganishwa, anasoma. Baada ya mwezi mtu mmoja anakusanya sehemu zote, anazifanya PDF, na riwaya nzima inazunguka bure kuanzia Kidatu hadi Muscat. Mtunzi wa nyimbo za kwaya hali yake ni nyingine: nota zake zinapigwa picha, zinaimbwa parokia kumi, na jina lake limekatwa juu ya ukurasa. Mwalimu aliyeandika kitabu cha ziada naye anakikuta kwenye kaunta ya steshenari, kimedurufiwa na kubanwa kwa pini, kwa bei ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuchapia.

Huyu wa kwanza hulilia sheria kali ya mtandao. Ninamshauri asiombe sheria iliyopo tayari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja wazi ukiukaji wa haki za ubunifu, na ina utaratibu wa kumpa mtoa huduma taarifa ili aondoe kilichowekwa kinyume cha sheria. Kinachokosekana ni njia ambayo mtu wa Chita mwenye simu na bando la siku moja anaweza kuitumia bila kuajiri wakili. Ombi la maana basi ni dogo na mahususi: fomu moja ya Kiswahili, iliyo COSOTA, ambayo mwandishi akiijaza pamoja na cheti cha usajili wa kazi yake na kiungo cha mahali ilipo, ofisi inamwandikia mtoa huduma ndani ya muda uliotajwa. Si ndoto. Kenya iliingiza utaratibu wa aina hiyo katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019, na mtoa huduma akapewa saa 48. Mwaka 2021 ukaletwa bungeni muswada binafsi wa kuvifuta vifungu hivyo. Wenye kazi walipeleka pingamizi, na sheria iliyotoka mwaka 2022 ikaviacha vilipo, huku ikiwaongezea wanamuziki haki ya kupata angalau asilimia 52 ya mapato ya milio ya simu. Nendeni Dodoma na mfano wa jirani. Mbunge hapendi kuwa wa kwanza duniani.

Hata hivyo tusidanganyane. Hakuna kifungu kitakachozuia PDF kupita kutoka simu hadi simu ndani ya makundi ya watu binafsi. Chama kitakachotumia nguvu zake zote kuwakimbiza maadmini kitachoka kabla ya mwaka kwisha. Nguvu ielekezwe mahali ambapo fedha tayari inapita na inaweza kuhesabiwa, na mahali hapo ninapaona ni pawili: tozo na udurufu wa taasisi.

Tuanze na tozo ya asilimia 1.5. Inakusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na lengo lake ni kuwafidia wenye kazi zinazonakiliwa. Chama kichukue jedwali la vifaa vinavyotozwa kilisome mstari kwa mstari. Je, mashine ya kudurufu imo? Je, kifaa ambacho msomaji wenu anakitumia kweli kimo? Kisha kichukue utaratibu wa mgawo: mwandishi wa riwaya anaingia kwenye hesabu kwa kigezo gani? Muziki una faida hapa, kwa sababu redio huweka kumbukumbu ya nyimbo zilizopigwa. Kitabu kilichosomwa hakiachi kumbukumbu redioni. Kama chama hakitapeleka kigezo chake, kwa mfano idadi ya kazi zilizosajiliwa au sampuli ya vitabu vinavyodurufiwa mashuleni, huenda mgawo ukafuata kigezo cha nyimbo. Mimi ninaamini hili ndilo jambo la kwanza ambalo waandishi wa nchi hii wangepaswa kulisemea, nalo ndilo ninalolisikia kwa uchache zaidi.

Udurufu wa taasisi ni mlango wa pili. Vyuo, shule na ofisi zinanakili kurasa za vitabu kila siku, na nchi nyingi zimeona ni upuuzi kumtaka mhadhiri aandike barua kwa kila ukurasa. Badala yake taasisi hulipa ada ya mwaka kwa chombo kimoja, nacho huwagawia waandishi na wachapishaji. Kenya wana KOPIKEN. Sisi tuna KOPITAN, na kwa kuwa sheria ya 2022 imefungua mlango kwa vyombo vya namna hiyo, chama chenu kina haki ya kuuliza: KOPITAN inamwakilisha nani huku kwetu, na sisi tunajiungaje? Ada ya vyuo vya Dar es Salaam, Morogoro na vile vya afya pale Ifakara ikikusanywa kwa utaratibu, hata ikiwa ndogo, ni fedha ya kila mwaka. Kumkamata mwenye steshenari mmoja hakukupi hata nauli ya kurudi.

Na mwenye steshenari, kwa kweli, si adui. Nendeni mkae naye. Atawaambia kwa nini mwanafunzi anadurufu: kitabu hakipatikani Chita. Duka la vitabu la maana liko mbali, na likifikiwa linakuwa na nakala mbili. Maelezo yake ni ushahidi kuliko kilio chetu, kwa sababu yanaonyesha hitaji lipo na soko halijafika. Wekeni daftari kwa miezi mitatu: tarehe, jina la kitabu, bei halali, bei ya nakala iliyodurufiwa, sababu aliyotoa mnunuzi. Kwa upande wa simu, piga picha ya skrini, andika idadi ya watu kwenye kundi na tarehe. Msiandike jina la mwenye duka wala namba ya mtu yeyote. Hamjengi kesi ya polisi. Mnajenga hoja ya sera, na majirani wakiona mmewachoma hawatawaambia kitu tena.

Daftari hilo ndilo linalowapa nguvu dhidi ya wanaofika bungeni kwa urahisi. Mwandishi wa Dar es Salaam anaweza kuhudhuria kikao asubuhi na kurudi jioni, lakini hana takwimu za kijiji kilicho chini ya Udzungwa. Mnapokuwa na miezi mitatu ya kumbukumbu kutoka Chita, Mngeta na Ifakara, chombo cha kitaifa kitawahitaji ninyi.

Karatasi ya maoni iwe ukurasa mmoja, ikizidi sana miwili. Juu, ninyi ni nani na mko wangapi. Kisha kifungu mnachokizungumzia kwa namba yake. Kisha maneno yaleyale mnayotaka yaingizwe, yameandikwa kama yatakavyosomeka katika sheria au kanuni, maana kamati ina kazi nyingi na itachukua maneno yaliyo tayari kabla ya kuanza kutunga yake. Kisha sababu, kwa namba za daftari lenu. Mwisho, serikali itapata au itapoteza nini. Hili la mwisho waandishi huliruka kwa kuliona la kibiashara mno, na mimi huliona ndilo linaloamua. Muswada wa Fedha unasomwa na watu wa fedha. Waambieni kwamba mwandishi anayelipwa kwa njia rasmi anaonekana na TRA, na yule anayeuza kwa kificho haonekani. Nakala moja iende COSOTA, moja kwa wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa, moja kwa chombo cha kitaifa cha waandishi, moja kwa karani wa kamati inayohusika, na moja kwa mbunge wenu.

Mbunge msimwendee akiwa Dodoma. Mwendeeni akiwa jimboni, anapozunguka vijiji. Jimbo la Mlimba ni pana na mbunge yeyote anayelishika anasikia habari za barabara, maji, na migogoro ya wakulima na wafugaji tangu asubuhi hadi jioni. Mtakuwa kundi la ajabu kidogo kwake, nayo ni faida. Mpeni swali moja la kuuliza bungeni, limeandikwa, la sentensi mbili. Msimpe bahasha, wala msichangishe fedha za kumpa mtu yeyote ili afungue mlango. Ni kosa la rushwa, na chama kinachoanza hivyo hakitathubutu kuuliza fedha za tozo zimegawiwaje.

Kuhusu washirika, chagueni kwa makini. Wanamuziki ni wengi, wana masikio ya watu, na kwenye tozo maslahi yenu yanaweza kwenda pamoja mradi mgawo uwe umezungumzwa mapema. Wachapishaji, kupitia chama chao cha PATA, ni wenzenu dhidi ya maharamia, lakini kwenye mkataba hamko upande mmoja: mchapishaji anataka haki za kitabu cha karatasi, sauti na dijitali kwa saini moja, na ninyi mnataka kila moja iwe na kifungu chake na mrabaha wake. Mnaweza kushirikiana asubuhi na kubishana mchana.

Watu wasioona msiwapinge kamwe. Afrika Kusini ilianza safari ya muswada wake wa marekebisho ya hakimiliki mwaka 2017. Waandishi na wachapishaji waliupinga kwa sababu ya vifungu vya matumizi huria, Rais akaurudisha bungeni mwaka 2020, ukapitishwa tena mwaka 2024, naye akaupeleka Mahakama ya Katiba. Katikati ya mvutano huo, watu wasioona walioutegemea muswada ili wapate vitabu vya nukta nundu walichoka kungoja, wakaenda mahakamani wenyewe, na wakashinda mwaka 2022. Tanzania imeshajiunga na Mkataba wa Marrakesh unaowaruhusu wasioona kupata nakala wanazoweza kuzisoma. Chama cha waandishi kikianza kwa kusema waziwazi kwamba kinauunga mkono, kitakuwa kimempata rafiki katika Chama cha Wasioona, na kamati itaona inaongea na watu wenye haki, si wenye choyo.

Jiandaeni pia kwa muda mrefu. Uingereza, waandishi Brigid Brophy na Maureen Duffy pamoja na wenzao walianzisha kikundi cha kudai malipo kwa vitabu vinavyoazimwa maktaba mwaka 1972. Sheria ilipatikana mwaka 1979. Malipo ya kwanza yalitoka mwaka 1984. Marekani, Chama cha Waandishi kiliishtaki Google mwaka 2005 kwa kunakili vitabu vizima kidijitali, kikashindwa, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakataa kuisikiliza rufaa mwaka 2016. Ninapolinganisha njia hizo mbili, ya kikundi kidogo kilichoganda mlangoni kwa wabunge na ya kesi kubwa yenye mawakili, najua ningemshauri mtu wa Chita aanze na ipi.

Sasa limeingia suala la akili mnemba, ambapo maandishi yetu yanatumika kufundishia mashine. Yapo mengi ya kusema, nitasema moja. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi kuhusu vitabu vilivyopakuliwa kutoka maktaba za kiharamia, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu. Waliohesabiwa ni wenye vitabu vilivyokuwa vimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani kwa wakati. Vitabu visivyosajiliwa, hata viwe vizuri vipi, vilibaki nje ya hesabu. Kwetu ulinzi unaanza pale unapoandika, usajili si sharti, na ndiyo maana wengi hatusajili. Lakini fidia, mgawo wa tozo na fomu ya kuondoa nakala mtandaoni vyote vinaanza na swali lilelile: onyesha kwamba ni yako. Kazi ya kwanza ya kikundi chenu iwe kukaa siku nzima mahali penye mtandao mzuri na kusajili COSOTA kazi za wanachama wote, na walio na vitabu kamili waombe namba ya kitabu, ISBN, kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba. Msipofanya hivyo, hata mkishinda Dodoma, fedha itakuja na isijue iende kwa nani.

Kwa hiyo mpunga ukishaingia ghalani mwaka huu, kutaneni. Sajilini kazi zenu, fungueni daftari, someni jedwali la tozo, andikeni ukurasa mmoja wenye ombi moja. Uwe mezani kwa Wizara ya Fedha mwaliko wa mapendekezo utakapotoka, na nakala yake isomwe na kila mwanachama, ili mbunge akimuuliza yeyote kati yenu njiani mnataka nini, ajibu kwa sentensi ileile.